Chumvi na Pilipili za Mama'ko

Siku hizi ukifika Mispa ukamtaja Keturah Parchment, utaletewa ndugu zake mpaka uchoke. Huyu ni binamu yake, yule alimbeba mgongoni, yule mwingine alishonewa naye gauni la arusi. Haya, tumekubali, ni wetu sote. Ila mimi ni mzaliwa wa hapo hapo milimani, na najua tulivyokuwa tukimwita kabla wakubwa wa makumbusho ya Kingston hawajaanza kumwandikia barua za heshima. Tulikuwa tukimwita Patuu. Na aliyeanza namjua, nitamtaja.

Patuu ni ndege. Mchana kutwa hukaa juu ya kisiki, kasimama wima, shingo juu, macho kayafumba, nawe unapita chini yake ukidhani ni kipande cha mti mkavu. Jua likizama anayafumbua macho hayo, na Mungu wangu, ni ya manjano na makubwa kama vifungo vya koti la askari. Halafu anafungua kinywa ambacho ngumi ya mtoto ingeingia yote. Sauti yake ni ya mtu anayekabwa. Kwetu akilia karibu na nyumba ya mtu, msiba hauko mbali. Dawa yake ni moja tu: unamkemea mara tatu, "Chumvi na pilipili za mama'ko!" naye anaondoka kwa aibu, maana hata ndege hapendi kutajiwa mama yake.

Sasa Keturah alizaliwa na macho makubwa na kinywa kipana. Ndivyo Mungu alivyomtengeneza, na hakumwomba radhi mtu. Siku ya kwanza anaingia shule ya Wamoraviani, gauni limepigwa pasi, kaja na kibao chake cha kuandikia, mtoto wa seremala aitwaye Zebedayo Swaby alimwangalia toka juu hadi chini akapaza sauti: "Jamani, patuu kaingia darasani! Chumvi na pilipili za mama'ko!" Darasa zima lilivunjika mbavu. Mwalimu naye, Mungu amsamehe, alicheka kidogo nyuma ya kitabu.

Mtoto akarudi nyumbani analia. Mama yake, Dorkasi, alikuwa jikoni anamenya viazi vikuu. Mwanamke yule hakuwa na mchezo.

"Wamesemaje?"

"Wamesema chumvi na pilipili za mama'ko."

"Za nani?"

"Zako, mama."

Dorkasi akaweka kisu chini. "Ziko wapi?"

"Nini, mama?"

"Chumvi yangu na pilipili zangu. Si wamesema ni zangu? Mbona umekuja mikono mitupu? Kesho wakikwambia tena, waulize mzigo uko wapi. Waambie mama anasubiri, nyama iko motoni na haijaungwa. Akutukanaye hakuchagulii tusi, mwanangu, lakini mdai hicho alichokutajia uone atakavyojikuna kichwa."

Kesho yake Zebedayo alirudia, na Keturah akanyoosha kiganja mbele ya watu. "Haya, lete. Mama anasubiri." Zebedayo akajikuna kichwa kweli. Tangu siku ile tusi likabaki na jibu lake likabaki, vikazeeka pamoja. Mtu akimwita Patuu njiani, yeye ananyoosha kiganja tu.

Jinsi alivyoingia kwenye habari za ndege ilikuwa hivi. Mke wa mchungaji alikuwa na kitabu cha picha za ndege, kikubwa, cha rangi. Keturah, msichana wa kumi na kitu, aliruhusiwa kukitazama baada ya kunawa mikono. Alikifungua ukurasa kwa ukurasa. Ndege wa Uingereza watupu. Hakumwona hua wa mlimani, hakumwona kasuku mweusi, hata chiriku aliyekuwa akiimba dirishani saa ile ile hakuwemo. Akaudhika mno. Alifika nyumbani akamwambia mama yake: "Kumbe ndege wetu hawana kwao." Dorkasi akamjibu: "Basi waandikie kwao." Mama wa watu alisema tu, kama mtu anavyosema funga mlango. Keturah alilichukua neno lile likawa kazi ya maisha yake.

Lakini mtu hashibi kwa kutazama ndege. Alijifunza ushonaji, na mkono wake ulikuwa mwepesi hata mabibi wa mashamba makubwa kule bondeni wakaanza kumletea kazi. Wakati ule kofia ya mwanamke mwenye pesa haikuwa kofia mpaka ikae ndege mzima juu yake, hasa yule mdogo wa mkia mrefu anyonyaye maua. Keturah aliwachuna, akawajaza pamba, akawashonea juu ya kofia kwa uzi usioonekana. Mpaka siku aliyomchuna jike mmoja akakuta yai tumboni, tayari kutagwa, dogo kama punje ya harage. Alikaa nalo kiganjani mchana mzima. Kofia ile hakuimaliza, na nyingine hakushona tena. Wateja wa bondeni wakamhama, nyumbani kwa Dorkasi wakala mkate wa mhogo na chai ya kakao kwa muda mrefu kuliko walivyopenda. Dorkasi alinung'unika siku moja tu, kisha akasema mkate wa mhogo haujawahi kumuua mtu.

Hapo ndipo alipoanza kazi yenyewe, na aliianza kwa namna yake. Aligundua kwamba ndege humwogopa mtu anayetembea na humwogopa zaidi mtu aliyetulia tuli kama paka, ila mtu aliyekaa kitako mikono ikienda, ikienda, humzoea upesi. Basi akabeba kigoda chake na kikapu cha nguo akawa anashonea msituni. Nguo zote za Mispa za miaka ile zilishonwa chini ya ndege, na ushahidi upo. Gauni la arusi la mama yangu lina doa begani ambalo sabuni imelishindwa, na mama akiulizwa hujibu kwa maringo: "Hua wa mlimani huyo. Wewe lako lina nini?"

Ndege aliyemkuta amekufa alimpima kwa utepe wake wa fundi, akamwandika kama mteja: kifua, mgongo, urefu wa mkono. Ngozi alizihifadhi kwa majivu, chumvi na pilipili mbuzi zilizosagwa, mdudu asiguse. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. "Kumbe Patuu kajitafutia chumvi na pilipili mwenyewe!" Naye akicheka nao, akizipanga ngozi ndani ya sanduku la kupeleka Kingston. Kule walizipokea, wakaomba nyingine, wakauliza maswali, naye akawajibu. Alipoona nguchiro walioletwa na wenye mashamba kuwala panya wa miwa wamegeukia ndege watagao chini, ni yeye aliyewaandikia kuwa hua wa mlimani sasa anatafutwa kwa taa. Alikuwa na fahari na kazi yake, na hakuificha. Unyenyekevu, alisema, ni wa watu ambao wana mtu wa kuwasifu.

Kitu kimoja tu kilimkwepa, na kilikuwa patuu mwenyewe. Katika vyote alivyopata kuvisoma hakuona aliyemfuata ndege yule toka yai hadi kinda kuruka. Ndege wa jina lake! Alimtafuta mpaka nywele zikaanza mvi.

Mwaka wa ukame mkubwa, Malkia mzee wa Uingereza bado yuko kitini, ndipo alipompata. Na alimpata wapi? Nyuma ya nyumba ya Zebedayo Swaby, juu ya kisiki cha mwerezi uliovunjwa na kimbunga. Hana kiota wala kijiti kimoja, yai kaliweka kwenye kishimo juu ya kisiki na kulikalia wima. Keturah alihamishia kigoda chake pale. Siku alipoona chini ya kifua cha ndege kitu cheupe kama pamba kikichungulia, alijichoma sindano kidoleni wala hakusikia.

Zebedayo wakati huo alikuwa mzee wa kanisa, seremala mkuu wa Mispa, mtu wa sauti nene. Lakini nyumbani kwake kulikuwa na hofu. Mwanawe Natanieli alikwenda Kolon, ng'ambo ya bahari, kuchimba mfereji wa meli akamwachia mke, Adassa, mjamzito. Katika mimba mbili za nyuma mtoto alizaliwa amekufa. Hii ya tatu ilikuwa imefika mwezi wake. Na kila magharibi, huko nyuma ya nyumba, patuu analia.

Asubuhi moja Keturah alifika akamkuta Zebedayo na shoka, na wanaume wengine wawili, na kamba.

"Mzee Zebedayo, unataka kufanya nini?"

"Ninakata kuni, Dada Keturah."

"Kuni za kisiki hicho?"

"Kisiki ni changu. Kiko uwanjani kwangu."

"Kina mtoto juu yake."

"Na mimi nina mtoto ndani!" Sauti ilimkatika. "Wawili nimewazika, Keturah. Nimetengeneza majeneza mawili madogo kwa mikono hii hii. La tatu silitengenezi. Ndege wako na atafute kwingine."

Keturah alishusha kikapu chake. Aliyajua majeneza yale, vitambaa vya ndani alishona yeye. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na hakuna ndege wa kumwambia mtu mwenye uchungu ule kwamba hofu yake ni upuuzi. Lakini akimpisha, kinda linakufa leo, naye hatapata lingine maishani mwake, na tena kila patuu wa Mispa atafuatwa na shoka. Akaenda akaweka kigoda chake chini ya kisiki, akakaa.

"Inuka, mama," alisema mmoja wa wale wanaume.

"Sikuinuka nyinyi mkiwa wadogo, sasa ndiyo niinuke?" Akamgeukia Zebedayo. "Nani aliniita Patuu?"

"Mambo ya utoto hayo."

"Nani?"

"Mimi," alisema Zebedayo.

"Basi mimi ndiye patuu wa kijiji hiki. Toka utoto naingia nyumba zenu zote. Nimepiga hodi kwa nani akafa? Nimekaa kando ya vitanda vya wanawake wanaojifungua, nimeshona nguo za ubatizo za nusu ya kanisa lile. Na wewe suruali uliyovaa nimeishona mimi, mbona u hai? Kama jina hili lina mkosi, wa kukatwa na shoka niko hapa mbele yako."

Wale wawili walitazama suruali zao. Ndipo mlango wa nyuma ulipofunguliwa akatoka Adassa, tumbo mbele, mkono kiunoni.

"Baba mkwe, mmenisemea vya kutosha. Na mimi nataka kumwona huyo anayeniua."

"Adassa, rudi ndani!"

"Nisogezee ngazi, au nipande kisiki na tumbo hili."

Ngazi haikuhitajika. Keturah alimweka palipokuwa na mwinuko akamwelekeza kidole. Adassa alitazama muda mrefu, akaona kisiki tu. Kisha kisiki kikapumua. Kinda lilichomoza kichwa chini ya kifua cha mzazi wake, likapiga mwayo mkubwa mwekundu, likasinzia tena wima, pua juu.

Adassa akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika tumbo. "Baba mkwe! Jamani! Ni wewe kanisani, mahubiri yakifika katikati!"

Wale wanaume wawili walijitahidi, kweli walijitahidi, wakashindwa. Kamba ikaanguka. Zebedayo peke yake hakucheka.

"Cheka," alisema. "Na mtoto akizaliwa amekufa?"

Keturah akafungua kikapu. Akatoa kitambaa cheupe chepesi, alichokiweka miaka kwa ajili ya mtu fulani asiyekuja kumwoa, akakikata pale pale mbele yao. Wote walielewa anakata nini, na mmoja alisema "Yesu wangu" kwa sauti. Mispa hatumshonei mtoto ambaye hajazaliwa. Ni kumwita mzimu kwa jina.

"Hili ni gauni lake la ubatizo," alisema Keturah. "Ninalishona hapa, chini ya ndege huyu. Mtoto akifa, shoka nitashika mwenyewe, na ngozi zangu zote nitazichoma moto. Akiishi, kisiki kinabaki."

Zebedayo alimwangalia Adassa. Adassa akasema, "Mwache ashone."

Msidhani Keturah alilala raha baada ya maneno yale makubwa. Aliogopa. Mtoto wa Mispa ni mtoto wa Mispa, hata asome vitabu vyote vya dunia. Magharibi ile alikuwa anapita uwanjani kwao na kuni, patuu akalia ng'ambo ya korongo, na kabla hajajua analofanya kinywa chake kikasema kwa sauti: "Chumvi na pilipili za mama'ko!"

"Nani unamtukania mama?" aliuliza Dorkasi kutoka gizani jikoni. Alikuwa kikongwe sasa, macho hayaoni vizuri, ila masikio yalikuwa yale yale.

Keturah akaweka kuni chini. "Mama, naogopa."

"Unaogopa ndege au unaogopa kuwa umekosea?"

"Naogopa mtoto wa watu."

"Hiyo ni hofu ya maana," alisema Dorkasi. "Njoo ule."

Akashona. Kinda likakua, pamba nyeupe ikageuka madoadoa, likajifunza kusimama wima kama kijiti. Watu walipita wakijidai wanatafuta mbuzi. Zebedayo hakumsemesha, lakini siku ya jua kali alileta ubao, akautundika juu ya kichwa cha Keturah uwe kivuli, akaondoka.

Uchungu wa Adassa ulianza alfajiri. Mkunga akaingia, mlango ukafungwa. Zebedayo alikaa kizingitini na shoka magotini, na Keturah alikuwa kwenye kigoda chake, anapiga pindo la mwisho, macho mlangoni hata mishono ile, ukilitazama gauni leo, imekwenda upande. Jua lilipanda. Ndani walisikia Adassa analia kwa nguvu, mara moja, kisha kimya. Kimya kirefu. Zebedayo aliinuka na shoka mkononi. Alipiga hatua kuelekea kisiki, akasimama mbele ya Keturah, machozi yanamtoka waziwazi, na Keturah akamnyooshea mkono apewe mpini, maana alikuwa ameahidi.

Hapo ikasikika sauti nyumbani. Mbaya, ya kukwaruza, ya mtu anayekabwa.

"Mungu wangu, sauti gani hii?" mkunga alipiga kelele ndani, huku anacheka. "Huyu si mtoto, huyu patuu mtupu!"

Shoka lilianguka chini. Zebedayo alikaa kwenye majani, mzee wa kanisa mzima, akalia kwa kwikwi, na Keturah akakaa karibu naye akalia pia. Juu ya kisiki hakuna aliyejitikisa.

Kinda liliruka wiki ile. Keturah aliliona, na Zebedayo alikuwa kando yake kwenye benchi alilolitengeneza kwa ajili hiyo, la watu wawili. Jua limezama, ndege mdogo akafumbua macho, akajitupa hewani kama asiyejua kama ana mabawa, kisha akajua. "Andika," Zebedayo alimsukuma na kiwiko. "Andika upesi usije ukasahau!" Kingston walichapisha habari ile, na chini yake: K. Parchment, Mispa. Mchungaji aliisoma kanisani baada ya matangazo. Sisi tuliokuwa tukimcheka ndio tuliokaa viti vya mbele, tumevimba vifua.

Lakini mimi siku ninayoikumbuka ni ya ubatizo. Mchungaji aliuliza mtoto anaitwa nani, na Adassa akasema Keturah, kwa sauti ya kanisa zima kusikia. Baadaye tukala uwanjani kwa Zebedayo: mbuzi, shelisheli ya kuchoma, viazi vikuu. Dorkasi alikalishwa kiti cha heshima, mtoto mapajani, gauni lile linafika chini. Magharibi ilipoingia, nyuma ya nyumba, juu ya kisiki chake, patuu akalia.

Kila mtu alivuta pumzi, tusi liko ncha ya ulimi, na kila mtu akamtazama Keturah, akaona haya kulitoa. Zebedayo akainuka. Akaingia jikoni, tukasikia anapekua. Alitoka na kibuyu mikono miwili, akapita katikati ya watu wote, akampita Keturah, akapiga goti mbele ya Dorkasi.

"Chumvi na pilipili," alisema. "Za mama yake Patuu."

Dorkasi alipapasa kibuyu. Akachovya kidole, akalamba, akatafuta ladha kwa muda.

"Umri wangu wote nakula nyama chapwa nikikusubiri wewe, Zebedayo," alisema. "Na pilipili mbona kidogo?"

Zebedayo akarudi jikoni kuongeza.